Kibao Kifuani mwa Kreszentia

Sheria ya meza ya utafutaji aliitunga Gerlinde Wachtler mwenyewe, na kwa miaka mitatu aliionea fahari. Ilikuwa na sentensi moja tu: habari yoyote juu ya askari aliyepotea, ikiletwa na mtu asiye mwanachama, ipelekwe kwanza kwa Jenerali, na familia isiambiwe neno mpaka yeye aithibitishe. Aliipiga chapa mwezi Juni 1953, pamoja na nakala mbili za kaboni. Jenerali Diesterkamp, mkuu wa chama, alipoisoma alimtazama kama mwalimu aliyepata jibu zuri kutoka kwa mwanafunzi wa kiti cha nyuma, akaitia sahihi siku hiyo hiyo.

Sababu ya sheria ile ilijulikana mji mzima wa Aschenfeld, Ujerumani. Miaka miwili kabla yake, mwanamume mmoja aliyevaa koti la kijeshi lililong'olewa vifungo alibisha mlangoni kwa Kreszentia, mama yake Gerlinde, akasema ametoka kwenye mgodi wa mateka wa vita Urusi, na kwamba mwanawe Ottmar yu hai. Ottmar analala kitanda cha chini, yeye alikuwa akilala cha juu. Alijua hata kovu la Ottmar juu ya jicho la kushoto. Kreszentia alimkalisha mezani, akampa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, saa ya marehemu mumewe, na mwisho koti lake mwenyewe la baridi, ili limfikie mwanawe kwa njia aliyoijua mgeni. Baadaye ikabainika kwamba kovu alilisoma kwenye tangazo lililobandikwa kituo cha reli, na kwamba alikuwa amekwisha kula katika nyumba nyingine tisa. Kreszentia, fundi cherehani aliyewashonea makoti nusu ya wanawake wa mji, alipitisha baridi mbili bila koti. Alisema akijishonea jingine atakuwa amekubali kwamba lile halitarudi.

Ottmar aliitwa jeshini Februari 1945, akiwa na miaka kumi na saba, mwanagenzi wa mwoka mikate. Hakuchagua kikosi, karatasi ilisema Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, na lori lilikuwa linasubiri. Barua yake ya mwisho ilikuwa ya tarehe 2 Aprili. Baada ya hapo hapakupatikana mwili, wala shahidi, wala cheti. Majirani wengi walikwenda mahakamani wakaomba watoto wao watangazwe kuwa wamekufa, wakapata misa na jina kwenye mnara wa kumbukumbu. Kreszentia hakwenda. Alitaka kwanza mtu aliyemwona. Moyo wake ulikuwa mbovu, daktari alikwisha kumkataza ngazi, na ombi lake kwa binti yake lilikuwa moja: ajue Ottmar yuko wapi kabla yeye mwenyewe hajaondoka duniani.

Ombi hilo ndilo lililompandisha Gerlinde mwaka 1952 hadi ofisi ya Chama cha Kusaidiana, orofa ya juu ya duka la mbegu, ambako wapiganaji wa zamani wa Waffen-SS walihitaji mpiga chapa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, hajaolewa, na vidole vyake vilikimbia juu ya taipureta kiasi kwamba Riedl, msaidizi wa Jenerali, mtu wa mkono mmoja na maneno mengi, alizoea kusema: “Binti Wachtler, tungekuwa na bunduki za kasi hiyo tusingekuwa wapangaji juu ya mbegu za kabichi.”

Jenerali mwenyewe hakuwa mtu wa mizaha. Volkmar Diesterkamp alizaliwa Westfalia, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, na aliingia vikosi vya SS mwaka 1934 baada ya kukosa nafasi katika jeshi la kawaida. Vita vilipoanza aliongoza kombania huko Poland. Ufaransa alipewa kikosi kikubwa zaidi, na huko Urusi, ambako baridi na kipande cha bomu vilimwachia vidole vitatu katika mkono wa kushoto, akapewa rejimenti. Mwaka 1944 akakabidhiwa divisheni nzima. Wamarekani walimkamata Mei 1945. Mahakama ilimhukumu miaka kumi kwa ajili ya kijiji kimoja cha Ufaransa ambamo askari wake waliwapiga risasi watu arobaini na mmoja, na baada ya miaka sita akaachiwa. Alitoka na sanduku la kadibodi, suti iliyompwaya, na wazo moja ambalo alilitumikia kwa bidii kuliko alivyowahi kutumikia cheo chochote: kwamba watu wake walikuwa askari kama wengine. Sheria ya pensheni iliyowakumbuka maofisa wa jeshi la kawaida iliwaacha wao nje, na Diesterkamp aliapa kuibadilisha.

Maneno hayo, “askari kama wengine,” Gerlinde aliyapiga chapa mara zisizohesabika. Yalikwenda kwa wabunge wa Bonn, mji mkuu, kwa maaskofu, kwa wahariri. Aliandika hati za viapo ambazo Jenerali alizitunga asubuhi na mashahidi wakazitia sahihi mchana. Aliandika pia waraka wa kurasa sita kuhusu kile kijiji cha Ufaransa, ambamo watu arobaini na mmoja walikuwa wameitwa “hasara za kusafisha njia.” Aliusahihisha mkato mmoja uliokosewa, akaugonga muhuri, akaenda kula. Miaka mingi baadaye, alipokuwa akieleza habari zake, hilo hakulificha wala hakulipunguza. Alisema mkono haukusita hata kidogo.

Alimheshimu. Jenerali alijibu kila barua ya kila mama, kwa mkono wake, ndani ya siku tatu. Aliwajua kwa majina na kwa maradhi yao. Kila Krismasi tangu mwaka wa sheria ile, Riedl alimpelekea Kreszentia kopo la kahawa halisi lenye utepe, na pamoja nalo kadi: Kwa mama jasiri wa mwenzetu Ottmar. Kreszentia aliyakusanya makopo matupu dirishani, akaweka vifungo ndani yake.

*

Mkutano mkuu wa mwaka 1956 ulifanyika Septemba, Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi wa michezo wa Aschenfeld. Wabunge wawili walikuwa wameahidi kuja Jumapili kusikiliza hotuba. Jumamosi ilikuwa siku ya utafutaji. Akina mama na wajane walikuja kwa mabasi kutoka kila upande, na kila mmoja alivaa kifuani kibao cha kadibodi chenye picha, jina, namba ya posta ya vitani, na swali: nani anamjua? Walisimama pembeni mwa ukumbi kwa safu, na wanaume walipita mbele yao polepole wakisoma, kofia mkononi, kama watu wanaopita mbele ya madhabahu. Mara moja kwa mwaka, mara mbili, mtu alisimama na kusema, huyu namjua. Wengine wote walipita.

Kibao cha Kreszentia kilikuwa maridadi kuliko vyote. Swali hakuliandika kwa wino. Alilitarizi kwa uzi mweusi juu ya utepe wa kitani, akaushona utepe chini ya picha. Jirani yake katika safu, mwaka wa nne sasa, alikuwa Apollonia Zeitler, mjane aliyefanya kazi kiwanda cha maziwa, aliyemtafuta mwanawe Xaver na kumchokoza Kreszentia bila huruma.

“Wewe umekuja kumtafuta mtoto au kutafuta wateja?” alimwambia asubuhi ile. “Kwa tarizi hiyo hata mimi ningejidai namjua.”

“Cha kwako nilikuomba nikutarizie, ukasema uzi ghali.”

“Uzi haukuwa ghali. Mdomo wako ndio ghali.”

Karibu saa tano moyo wa Kreszentia ulianza kumsumbua. Gerlinde alimtoa nje akamkalisha kwenye benchi la uani, akarudi na kile kibao na kukiegemeza juu ya meza yake, kati ya kadi na taipureta. Hakuwa amekaa vizuri bado, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani akasimama mbele ya meza. Hakuwa na kibao. Aliinamia picha, akaivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Alijitaja kuwa Kunigunde Oberndörfer, mtunza kanisa wa Rotmühl, kijiji cha kilomita arobaini kutoka pale. Alieleza kwamba hakuja kwa ajili ya utafutaji. Alisoma gazetini kuwa Jenerali Diesterkamp atahutubia, akapanda basi. “Nimekuja kumwona sura,” alisema. “Mimi namjua kwa sahihi tu.” Kisha akagusa ukingo wa kibao kwa kidole kimoja. “Ila huyu mtoto, binti yangu, mbona bado mnamtafuta? Si niliwaandikia?”

Gerlinde alimuuliza aliandika lini.

“Novemba ya mwaka hamsini na tatu. Niliona tangazo lenu, picha hii hii, kovu hili hili. Nikaandika kurasa mbili. Nikangoja. Nikasema, basi, mama yake hataki kujua, na mimi nani wa kumlaumu.”

Alisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, kwa sababu nyuma yake watu walikuwa wakipita. Tarehe 8 Aprili 1945 kijana yule aligonga mlango wa jikoni kwake. Bunduki alikuwa ameitupa katika bwawa la kinu. Hakuomba chakula, aliomba suruali. Kunigunde alimpa ya marehemu mumewe, ambayo ilikuwa pana, na kijana akatoka akiwa ameishika kiunoni kwa mkono mmoja. Doria ya jeshi lake mwenyewe ilimkamata kabla hajafika darajani. Suruali, alisema Kunigunde, ndiyo iliyomponza. Mtu wa shamba hutembea na suruali inayomkaa. Kesho yake asubuhi alinyongwa kwenye mti mbele ya kanisa, na kibao kikaning'inizwa shingoni mwake. Wanakijiji walikatazwa kumshusha. Wamarekani waliingia siku mbili baadaye, na ni Kunigunde aliyekata kamba. Alimzika upande wa ukuta wa kaskazini, na kwa kuwa hakujua jina, aliandika tarehe tu.

Kisha alifungua kitabu chake cha sala na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hukumu iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa, isiyo na jina la aliyehukumiwa, iliyopigwa chapa kwa mashine yenye herufi ya e iliyopinda. Gerlinde hakuhitaji kusoma mpaka mwisho. Sahihi ya chini aliiona kila siku ya kazi: D kubwa ambayo mkia wake unarudi nyuma na kulikata jina zima, kama mtu anayefuta alichoandika.

Alimwomba Kunigunde aketi, akamwomba asiondoke. Wanaume walikuwa wanaelekea kwenye soseji na bia, na bendi ya matarumbeta ilikuwa imeanza kupima sauti. Gerlinde alitoka kwa mlango wa nyuma, akavuka mitaa miwili mpaka duka la mbegu, akapanda ngazi.

Ufunguo wa droo ya chini ya kabati la Jenerali ulikaa ndani ya kopo la tumbaku la Riedl. Ofisi nzima ililijua hilo na hakuna aliyewahi kuligusa. Ndani ya droo alikuta jalada la kijivu lisilo na kichwa. Kulikuwa na barua kumi na moja. Alizisoma kwa mpangilio, kama alivyozoea kusoma kila kitu. Zote zilitoka kwa watu wasio wanachama: mapadri, wakulima, muuguzi mmoja, mchimba makaburi mmoja. Zote zilitaja askari, mahali na tarehe, na zote zilikuwa na muhuri wa kupokelewa wa baada ya Juni 1953, yaani baada ya sheria. Barua ya Kunigunde ilikuwa ya nne. Pembeni, kwa penseli ya kijani, kwa mwandiko alioujua, iliandikwa: Isijibiwe. Mama asisumbuliwe. Chini yake ilikuwa tarehe, 20 Novemba. Kopo la kwanza la kahawa lilifika nyumbani kwao mwezi uliofuata.

Akafanya kitu ambacho mwenyewe hakukitarajia. Alikaa kwenye taipureta, akaweka karatasi yenye kichwa cha chama, akajibu.

*

Saa tisa alasiri Jenerali alikuwa katika chumba cha waamuzi, nyuma ya jukwaa, akisubiri jalada la sahihi. Lilikuwa jalada nene lenye kurasa za karatasi ya kukaushia wino, na kati ya kila kurasa mbili Gerlinde alikuwa ameweka barua moja. Jenerali hakuwahi kutia sahihi bila kusoma. Alisoma barua kwa wabunge, akatia sahihi. Alisoma shukrani kwa meya, akatia sahihi. Katika ukurasa wa tatu mkono wenye kalamu ulisimama hewani.

Barua ilielekezwa kwa Bibi Kreszentia Wachtler. Ilisema kwamba mwanawe Ottmar, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1927, alinyongwa Rotmühl asubuhi ya tarehe 9 Aprili 1945 kwa hukumu ya mahakama ya papo hapo iliyothibitishwa na mtia sahihi. Na kwamba mtia sahihi amelijua jambo hilo tangu Novemba 1953.

“Keti, Binti Wachtler,” alisema Jenerali.

“Nitasimama, Bwana Jenerali.”

Aliiweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza. Alimuuliza nani mwingine amesoma, naye akasema bado. Kwa muda alitazama vidole vyake vitatu. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba Wamarekani walikuwa kilomita kumi na mbili, kwamba mstari ulikuwa unakatika, kwamba wiki ile waliletwa mbele yake watoro wanane.

“Majina sikuuliza,” alisema. “Ningeuliza nisingeweza kutia sahihi. Picha aliyoileta mama yako niliiona ukutani kule ofisini, na jina sikulihusisha na lolote. Barua ya yule mama ilipofika ndipo nilipojua ni nani.”

“Na mimi nilikuwa chumba cha pili, nikipiga chapa.”

“Ulikuwa chumba cha pili.” Alivuta karatasi tupu. “Sasa nisikilize vizuri. Barua yako ikimfikia mama yako, atapata mtoto mtoro. Mnara hautamwandika, na afisa wa pensheni atafunga faili lake siku hiyo hiyo. Mimi nitakuandikia nyingine.”

Akaiandika palepale kwa mkono. Ilisema Ottmar Wachtler alianguka vitani Rotmühl tarehe 9 Aprili, akiilinda nchi yake, na kwamba kamanda wake anaithibitisha habari hiyo kwa kiapo. Mahali palikuwa sahihi, na tarehe pia. Aliitia sahihi, akaikausha kwa karatasi ya wino na kuisukuma upande wa Gerlinde.

“Kwa hiyo atapata kaburi, atapata jina, na atakufa kwa amani,” alisema. “Nimewaandikia akina mama mia nne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika juu ya barua yangu.”

“Mia nne wasingeweza kulalamika,” alisema Gerlinde. “Za kulalamikia ziko droo ya chini.”

Jenerali alimwambia tu kwamba kesho ana wabunge, kwamba mambo ya watu elfu moja yanategemea hotuba ile, na kwamba yeye, Gerlinde, ana akili ya kutosha kulijua hilo. Gerlinde akachukua karatasi zote mbili, iliyotiwa sahihi na isiyotiwa.

*

Jioni, nyumbani, Kreszentia alikuwa anamenya viazi vya saladi ya kesho. Aliomba asomewe barua zote mbili, kisha akaomba asomewe tena, na mara ya pili kisu kilikuwa kimelala juu ya maganda. Gerlinde alikuwa amejiandaa kwa kilio, na dawa ya moyo ilikuwa mfukoni. Alieleza yote aliyoambiwa na Kunigunde, ambaye alikuwa amerudi kwao kwa basi la saa kumi na kuacha anwani yake. Mama yake alisikiliza akitazama kopo la vifungo.

“Hiyo suruali,” alisema mwisho. “Ilimtosha?”

“Hapana, mama. Ilikuwa pana.”

“Ningeipunguza,” alisema Kreszentia. “Kazi ya dakika kumi.”

Alirudi kwenye viazi, akamenya viwili. Kisha akauliza kibao cha shingoni kiliandikwa nini. Gerlinde alikuwa ameomba Mungu swali hilo lisiulizwe. Akasema: kiliandikwa, Mimi ni mwoga, niliwaacha wenzangu. Kreszentia alitazama ukutani, ambako kibao chake mwenyewe, kilichorudi na Gerlinde, kilikuwa kimetundikwa kwa kamba yake, mahali pake pa miaka minne, karibu na msalaba.

“Na hii sheria ya barua kupita kwa Jenerali. Uliitunga wewe?”

“Mimi.”

“Kwa sababu ya koti langu.”

“Ndiyo, mama.”

Kreszentia hakusema kwamba si kitu. Hakusema neno jingine lolote juu ya hilo, wala jioni ile wala katika miaka minne aliyoishi baadaye, na Gerlinde alikuja kuona kwamba kimya kile alikistahili. Alipoulizwa anachukua barua ipi, alizikunja zote na kuzitia ndani ya kopo, juu ya vifungo. Kahawa iliyokuwa imebaki waliinywa, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna kilichomwagwa.

Asubuhi, Gerlinde alipoamka kwa ajili ya misa, alimkuta mama yake dirishani. Nyuzi nyeusi zilizofumuliwa zilikuwa zimetapakaa juu ya aproni yake, na sindano ilikuwa mkononi.

*

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Wabunge wawili waliketi safu ya mbele, mmoja akiwa na kijitabu cha kuandikia. Kwa desturi akina mama hawakuvaa vibao siku ya Jumapili. Waliviacha kwenye meza ya nyuma, kwa sababu Jumapili ilikuwa siku ya heshima na si ya machozi. Kreszentia alivaa chake. Alitembea kwa mwendo wa moyo mbovu kwenye njia ya katikati, akiegemea mkono wa bintiye, mpaka mbele, pembeni kidogo mwa jukwaa, ambapo aliyeketi angeweza kusoma. Akageuka kuwatazama watu. Gerlinde alisimama kando yake.

Picha ilikuwa ile ile. Utepe wa kitani ulikuwa na maneno mapya, kwa tarizi nzuri zaidi: Amepatikana. Alinyongwa Rotmühl. Muulizeni Jenerali.

Diesterkamp alikuwa amefika kwenye sentensi yake. Alisema sisi tulikuwa askari, akasita kidogo sana, kiasi ambacho mtu asiyeijua hotuba ile asingegundua, akamalizia, kama wengine. Aliendelea. Sauti haikubadilika, ila hakutazama tena upande ule wa ukumbi. Riedl alishuka kwenye ngazi za jukwaa akitabasamu kwa ajili ya wageni.

“Mama Kreszentia,” alinong'ona, “twende nje kidogo ukapate hewa.”

“Hewa ipo humu humu, Riedl. Nimeivuta miaka minne.”

Alimshika kiwiko. Lakini Riedl alikuwa na mkono mmoja, na alipotaka kukigeuza kibao ilibidi akiache kiwiko, na alipokirudia kiwiko, kibao kiligeuka tena. Alijaribu mara tatu. Watu wa safu za mbele waliangalia viatu vyao. Mwishowe walikuja vijana wawili wa mlangoni, na Kreszentia akatoka kwa miguu yake, taratibu, akisimama mbele ya kila safu kama vile wanaume walivyosimama mbele yake jana. Mbunge mmoja aliandika kitu katika kijitabu chake. Mwenzake alitazama saa. Gazeti la Aschenfeld la Jumatatu lilitoa hotuba yote, na habari ya mvua iliyoharibu gwaride la bendi.

Uani, kwenye benchi lile lile, Gerlinde alimpa mama yake dawa. Alijua kwamba kazi imekwisha, kwamba kesho Riedl ataleta vitu vyake ndani ya boksi. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa penseli, majina kumi na moja, mahali kumi na moja, tarehe kumi na moja. Alikuwa ameyanakili kabla ya kufunga droo. Hakuwa amemwambia mtu.

Mlango wa ukumbi ulifunguka, makofi yakatoka nje kidogo, ukafungwa. Alikuwa Apollonia Zeitler. Ndani, Kreszentia alipopita mbele yake, yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine. Sasa alisimama hatua tatu kutoka kwenye benchi, hakukaribia, wala hakumtania mtu. Alikuwa ameshika kibao chake chini ya mkono, picha ikiwa upande wa ndani.

“Gerlinde,” alisema. “Jana nilimsikia huyo mama wa Rotmühl mezani kwako. Aliandika, mkaificha barua. Ni yeye tu aliyeandika?”

“Hapana, mama Apollonia. Walikuwa wengi.”

“Kuna aliyeandika kuhusu Xaver?”

Jina la Xaver Zeitler lilikuwa la saba, kutoka kwa muuguzi. Kreszentia alimtazama bintiye, kisha akavuta sketi yake na kujisogeza mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

“Yupo,” alisema Gerlinde. “Njoo ukae kwanza.”